Waya wa Zahanati

"Makofi, jamani! Tukipiga picha, ruzuku ya mtandao wa kijiji imefungwa rasmi, kazi imekwisha," alisema afisa wa mradi.

Shangazi yangu, mkunga wa zahanati, hakupiga makofi. Aliinama ukutani, akaushika waya mweusi ulioshuka kutoka kwenye kisanduku kipya cha mtandao na kuzama ardhini. Akauvuta.

Ukatoka wote ardhini, mfupi kama kamba ya mbuzi. Ncha yake ilikuwa imejaa udongo, haijaunganishwa na kitu.

"Mama, usituharibie shughuli," afisa alinong'ona. "Mengine yatakuja awamu ijayo."

"Mwenye uchungu nimwambie asubiri awamu? Kumpigia daktari napanda mlima kutafuta mtandao, namwacha anavuja damu peke yake! Maneno matamu hayazibi damu, mwanangu. Ukiipata picha yako leo, hatukuoni tena."

Akaung'oa waya kisandukuni, akaketi chini mbele ya gari la mradi, akajifunga mkono kwenye bampa, fundo juu ya fundo, mpaka vidole vikavimba.

"Washa gari!" afisa alimfokea dereva.

"Washa, baba," shangazi naye akamwambia dereva, akimkazia macho.

Dereva alichomoa ufunguo, akashuka, akaketi kando yake.