Haikuwa Mimba

"Si mimba," daktari alisema, kifaa cha ekografia, cha kuonea ndani ya mwili, kikiwa bado juu ya tumbo la mke wa Seifu. "Njo kivimbe, na kimepasuka. Damu inajaa ndani."

Asubuhi, Seifu aliporudi kutoka mji wa Moba, alikokaa miezi mingi, na kukuta tumbo la mkewe limevimba, hakuuliza neno. Alimpiga mateke mpaka akatapika.

"Tuko na utafiti hapa," daktari aliendelea haraka. "Wagonjwa wengine tunawapasua kwa matundu madogo, wengine tunafungua tumbo lote, tuone nani anapona vizuri. Lakini muntu aliyepigwa hatumuingizi. Huyo tunamufungua yote, maana pengine bandama pia imepasuka. Mama, ulipigwa?"

"Nilianguka bandarini," mkewe alinong'ona.

Kaka wawili wa mkewe walikuwa wamesimama mlangoni. Walikwisha kumpa Seifu pole. Kidole gumba cha mguu kilimuuma ndani ya kiatu, kimevimba kwa yale mateke.

"Hakuanguka," Seifu alisema. "Ni mimi nilimupiga. Hapa, chini ya mbavu. Mara nyingi."

"Tumbo lote!" daktari aliwapigia kelele wauguzi, na kitanda kikasukumwa nje mbio.

Ngumi ya kwanza ilimvunja Seifu pua. Hakuinua mikono. Alinyoosha shingo tu, damu ikimtiririka kidevuni, aone kitanda kinakopelekwa.

Kaka wa pili akafunga mlango.