Mkono Ulionukia Samli

"Bapendwa, tushikane mikono, tuombee Kongo yetu amani na umoja," mchungaji alisema, hapa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania.

Nsimire aliutoa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuficha ndani ya kitenge. Upande huo alisimama mama mgeni, wa kabila ambalo watu wa Nsimire walipigana nalo nyumbani.

Wote wakaomba kwa sauti, kila mtu kwa lugha yake. Mkono wa mgeni ulibaki hewani, ukinukia samli.

Zamani, kabla ya vita, mwanamke wa kabila lile alikuwa akishuka mlimani na kibuyu cha maziwa. Mama yake Nsimire alimjazia kapu muhogo. Waliitana dada.

"Mama," mgeni alinong'ona, "mkono inachoka."

Nsimire akaanza kukifungua kitenge.