Kwenye Kamba ya Nguo

Mtandao wa chuo ulizuia simu za video, na Zawena hakuwa na bando. Lakini mtandao wa fundi cherehani jirani ulifika mpaka kwenye kamba ya nguo. Basi akailowesha tena kanga iliyokwisha kauka, akaenda kuianika.

"We Zawena, kanga hiyo unaifua mara ngapi?" matroni wa bweni akamshtua.

Zawena akamwonyesha simu. Nyumbani kaka yake alikuwa ameshika wembe, mbele yake mwanawe mchanga. Kwao mtoto hanyolewi nywele za uzazi mpaka shangazi amwone.

Matroni akainamia kioo. "Mbona kalala? Hebu mwamsheni!"

Mtoto akafumbua jicho moja.

"Haya kaka, nyoa," Zawena akasema, akicheka.

Kishungi cha kwanza kikadondoka, picha ikaganda kikiwa hewani. Wote wawili wakabaki wameinama, wakingoja.