Mota Mpya

Ngassa alimkuta mkewe amekaa sakafuni katika ukumbi wa hoteli, juu ya zulia lililolowa chapachapa, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Kando yake mashine ya kuoshea mazulia ilikuwa bado inanguruma.

Alikimbia akaizima ukutani, kisha akapiga magoti. "Hebu nione, Mama Kulwa."

Kiganja kilikuwa kimeungua katikati, pale kiliposhika mpini. Ngozi ilikuwa nyeupe, imejikunja kingoni.

Mota ya mashine ile alikuwa ameifunga Ngassa mwenyewe, kubwa kuliko ya zamani, ili mashine ivute maji kwa nguvu. Lakini waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haukupatikana Shinyanga nzima, na asubuhi alimwambia meneja, "Asiiguse mtu mpaka waya uje kutoka Mwanza. Itapiga shoti."

"Nilimuuliza meneja," mkewe alinong'ona. "Akasema umeshairuhusu."

Meneja aliingia akijifuta jasho. "Ameteleza tu, fundi. Wageni wa mkoa wanafika saa kumi. Malizia wewe."

Ngassa aliinuka, akaiburuta mashine mpaka miguuni pa meneja, akarudi ukutani akaiwasha.

"Shika mpini," alisema.

Meneja aliutazama mpini wa chuma, akalitazama zulia lililolowa chini ya viatu vyake, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Kumbe asubuhi ulinisikia," Ngassa alisema, akaanza kumfuata.