Kitambaa cha Vipele

"Fumua!" Getruda alisema, akamtupia Mwamvua kitambaa mapajani. "Hata mbuzi akitafuna uzi atatoa kitu cha maana kuliko hiki."

Mwamvua alikichukua, akakinyoosha juu ya goti. Kilikuwa kitambaa cha kunawia uso, cha uzi wa pamba mweupe, upana wa sahani ya wali. Kwenye mistari iliyolala sawasawa alikuwa ameinua vipele kwa ile sindano yake yenye ndoano: mara kimoja, mara vitatu vimebanana, mara patupu, kisha viwili vimekaa mshazari.

Getruda hakuwa fundi wa kufuma, lakini macho alikuwa nayo. Vitambaa vya makochi yake, alivyonunua sokoni kwa kuchagua, vilikuwa na maua yaliyolingana kila pembe. Vipele hivi havikufuata hesabu yoyote. Vilimkera kuvitazama.

"Ndivyo Mwalimu anavyopenda, Mama Remmy," Mwamvua alisema taratibu. "Vinamkuna ngozi."

"Mwalimu hakukuagiza umfumie ukurutu."

Mwalimu ni Bibi Kunegunda, mama mkwe wa Getruda na mwenye nyumba hii ya Matarawe. Miaka thelathini alifundisha watoto wasioona, halafu kisukari kikamchukua macho na yeye. Getruda aliwaambia mashoga zake kwamba bibi aliambukizwa na wanafunzi, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Mwamvua ndiye aliyemtunza. Mjane wa miaka arobaini kutoka Nalasi, kule Tunduru, shule aliiacha darasa la pili. Mpe barua, ataishika juu chini. Jioni wawili hao walizoea kukaa barazani na kipande cha trei ya mayai chenye vishimo sita, wakitia maharage humo na kuyatoa, wakitia na kutoa, huku wakicheka. Watu wazima! Getruda alikuwa akiwapita anasonya.

Wiki hii mchezo huo ulikoma. Ijumaa mwenyekiti wa mtaa angekuja kushuhudia Bibi akitia dole gumba kwenye karatasi. Bibi aliambiwa ni fomu ya bima ya afya. Kwa kweli karatasi ilimpa Getruda nyumba yote, yeye peke yake, mashemeji zake watatu wasipate hata tofali. Mumewe Aidan alikuwa Mbinga kwenye kahawa. Angekuja kusikia baadaye, kama majirani.

Mpango huo Getruda aliuzungumza kwenye simu akiwa jikoni, Mwamvua anachambua mchele mbele yake. Hakujisumbua hata kushusha sauti. Nani anamficha kuku siri? Ila kwa kuwa hata kuku hupiga kelele, siku ileile alimpiga marufuku kukanyaga chumba cha Bibi. Uji, maji, dawa, vyote akawa anapeleka mwenyewe, na akisimama hapo hapo mpaka Bibi amalize.

"Nikuone tu kwenye mlango ule," alimwonya, "kesho yake uko kwenye basi la Tunduru na kibegi chako."

"Sawa, Mama Remmy."

Bibi naye hakulalamika. Siku ya pili aliuliza mbona hasikii sauti ya Mwamvua, akajibiwa ana kazi nyingi.

"Basi mwambie anifumie kitambaa cha uso," alisema. "Cha vipele. Yeye anajua."

Getruda aliufikisha ujumbe. Mtu anayepokonywa nyumba, si vibaya akipewa kitambaa.

Na sasa ndiyo kazi yenyewe hii! Mwamvua alifumua uzi wote mbele yake, akaukunja, akaanza upya. Ijumaa asubuhi alikabidhi kitambaa kingine. Getruda alikigeuza huku na huku, asiamini. Vipele vilikuwa vilevile, na kila kimoja palepale kilipokuwa kwanza.

Alitamani kumchapa nacho usoni. Lakini saa nne ilikuwa inakaribia, na kipofu atajuaje kitambaa kibaya? Alikichovya kwenye maji ya moto, akakikamua, akampelekea Bibi sebuleni kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee Egidi, mwenyekiti wa mtaa, aliingia akipangusa vumbi viatuni. Getruda alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akaweka karatasi mezani na kidau cha wino pembeni. Alishaamua rangi ya mapazia.

Bibi alijifuta uso kwa makini, shavu hadi shavu.

"Kinafaa, mama?" Getruda aliuliza, akimkonyeza mwenyekiti.

"Kimefumwa vizuri sana. Nitamshukuru mwenyewe."

Getruda aliuma mdomo asicheke. Mjinga amemfumia kipofu, na kipofu amesifu! Walikuwa wamestahiliana, mmoja ashukuru ukurutu, mwingine aurudishe Nalasi kesho alfajiri. Alisogeza kidau cha wino, akaushika mkono wa Bibi.

"Haya, Mwalimu," Mzee Egidi alisema, "tutie dole tumalize."

Bibi aliuvuta mkono wake taratibu, akautoa.

"Subiri kidogo, Mwenyekiti. Sijamaliza."

"Kunawa?" Mzee Egidi aliuliza.

Bibi alikuwa amekitandaza kitambaa juu ya magoti, na kidole chake cha shahada kilipita juu ya vipele, kutoka kushoto kwenda kulia, kikashuka mstari wa chini, kikaanza tena kushoto.

"Kusoma," alisema. "Mwamvua ameniandikia: 'Si bima, ni nyumba.'"