Baba Dadacha

Maji yalipomgusa tu, Hawo alianza kulia. Alijikunja kwa upande ule uliobaki na nguvu, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mwambie huyu mwanamume atoke," alimwambia bintiye, Darmi. "Hana haya?"

Huyo mwanamume alikuwa Jarso, mumewe, aliyezaa naye watoto watano na kuhama naye malisho yote ya Tana. Jarso aliweka kata chini, akatoka, akaenda kusimama zizini. Ng'ombe walimtazama. Hao angalau walimjua.

Kiharusi kilimkuta Hawo akikamua, kiangazi kilipoanza. Mkono na mguu wa kulia vilikufa. Ulimi ulirudi baada ya muda, lakini ulirudi peke yake. Kumbukumbu ziliachwa njiani. Siku nyingine alimjua Darmi, siku nyingine alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mumewe, hata siku moja hakumtambua.

Na hilo ndilo lililomuumiza Jarso. Hakuomba mkono uamke wala mguu usimame. Alitaka kuitwa tu, mara moja, kama zamani: "Baba Dadacha."

Hivyo ndivyo Hawo alivyomwita tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Mke wa Kiorma aliyelelewa hamtaji mumewe kwa jina, na Hawo alilelewa hasa. Karani wa kodi alipopita kuandika watu, alimuuliza Hawo mumewe anaitwa nani. Hawo akafunika mdomo kwa mtandio, akamwita jirani aje amtajie.

Karani alicheka. "Mama, humjui mumeo?"

"Majirani ndio humtaja," Hawo alimjibu. "Mimi ni mkewe."

Kisa hicho kilichekesha watu hadi Garsen, na Jarso alikisimulia kwa majivuno kila alipopata wa kumsikiliza. Siku hizi hakukisimulia tena.

Mawingu yalianza kujikusanya. Mto ukijaa, Darmi asingeweza kuvuka kurudi kwa mumewe ng'ambo, na tayari alikuwa amekaa mno.

"Baba, nikiondoka nani atamwosha?"

"Mimi."

"Na akilia?"

Angewezaje Jarso kumvua nguo mwanamke anayemwona mgeni, kutwa kucha, na machozi yale? Wakakubaliana: kama Hawo hatamjua mumewe kabla ya safari, Darmi ataondoka na mama yake. Jarso atabaki na mifugo.

Asubuhi ya safari punda alisimama mlangoni. Enos, dresa wa zahanati, Mpokomo aliyekuwa akija kumtazama mgonjwa, alifika kumuaga. Alikuwa mtu mwema, mwenye maneno mengi.

"Mzee, mjaribu tena," alisema. "Akikutambua, usimwache aende. Ujue akili inarudi."

Jarso alichuchumaa mbele ya mkewe, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Unanijua?"

Hawo alimtazama. Safari hii hakujifunika wala hakugeuza uso. Akatabasamu lile tabasamu la upande mmoja ambalo kiharusi kilimwachia. Darmi aliacha kukunja mikeka.

"Nakujua," Hawo alisema.

Jarso alimsogelea kwa haraka, maziwa yakammwagikia gotini. Hakuyapangusa.

"Mimi ni nani?"

"Si Jarso wewe?" alisema Hawo, sauti wazi, mtandio mabegani. "Jarso. Nakujua vizuri."

Enos alipiga makofi. "Amekukumbuka, mzee. Amekutaja kwa jina."

Darmi aliinama juu ya mikeka, akafunika uso. Jarso aliweka kibuyu katika mkono mzima wa mkewe, akainuka polepole, akatoka kumfunga punda matandiko.