Vinyonga Siku ya Wazazi

Kinyonga alikuwa amempanda Sirili mpaka sikioni, na Sirili, fundi viatu wa Majengo ambaye hajawahi kumwogopa binadamu, alikuwa anatetemeka kama mtoto anayesubiri sindano.

"Usimshike mkia," alinong'ona nesi Elizabeth, aliyemwazima kinyonga huyo. Wa kwake alikuwa ametulia juu ya kofia. "Mwache atembee."

"Anaenda wapi?"

"Haendi popote. Jicho moja anakutazama wewe, jingine anamtazama mwalimu mkuu."

Wakaangua kicheko wote. Watu wazima tupu, wamebanana nyuma ya ua wa shule moja ya msingi huko Kilema, kila mtu na kinyonga wake. Kabla ya asubuhi ile hawakuwahi kuonana. Walijuana kwenye kundi la WhatsApp tu, kundi la wapenda vinyonga, ingawa Sirili aliwapenda kwenye picha tu, na aliyewaita alikuwa Bibi.

Bibi ndiye aliyelianzisha kundi. Picha yake ilikuwa ya mama mzee mwenye kilemba, amesimama kihambani kati ya migomba. Wa kwanza kujiunga alimwandikia shikamoo, akajibu marahaba. Wa pili vilevile. Na ukishampa mtu shikamoo, humhoji tena, unapokea maagizo.

Kila jioni, akishamaliza kukata majani ya ng'ombe, Bibi aliandika habari za Fabian, mtoto wa darasa la tano aliyefuga kinyonga kwenye mti wa kahawa wa nyumbani kwao. Wenzake walimwita mchawi. Walitema mate akipita. Kiti chake walikipaka majivu. Aliyelianzisha jina hilo ni Loveness, msichana mwenye sauti kuliko kengele ya kanisa. Yeye alisema mara moja, darasa zima likadakia.

"Nipe nyumba ya wazazi wa huyo Loveness," Sirili aliandika siku moja, amewaka. "Nakuja na boda sasa hivi."

"Wazazi wake wako Dar. Anaishi na bibi yake, na bibi yake hajui kitu."

"Basi ni mtoto mbaya."

"Mbaya sana, mwanangu. Na sasa hata akitaka kuacha, hawezi. Wenzake watamgeukia yeye."

Shauri lake, aliwaza Sirili. Yeye mwenyewe, umri wa Fabian, alipenda kufuma vitambaa vya makochi. Walimwita Dada Sirili mpaka akaacha shule. Majina yao bado alikuwa nayo kichwani, pamoja na la mwalimu aliyecheka nao, pamoja na ya wazee waliosema watoto wanataniana tu. Mmoja wao alishakufa. Sirili alikwenda msibani, akala, akarudi Majengo, na hakusamehe.

Wiki iliyopita Bibi aliandika jambo lililowanyima wote usingizi. Siku ya wazazi, kila mtoto wa darasa la tano angesimama aeleze kitu anachokipenda. Baba yake Fabian alikuwa ameapa: mwanawe akichekwa mbele za watu, kinyonga anachomwa moto siku hiyohiyo, na mtoto anahamia kwa mjomba wake Tabora.

"Njooni na vinyonga," Bibi aliandika. "Mkiwa wengi, hawatajua wamcheke nani."

Sasa, kutoka uwanjani, ilisikika sauti nyembamba ya Fabian. "Mimi napenda kinyonga..." Mtu akazomea. Wa pili akapokea.

"Tuingie!" akasema Sirili.

Wakaingia. Mama yangu! Mgeni rasmi alipanda juu ya meza na soda yake mkononi. Wazazi walikanyagana. Mchungaji Ebenezeri, Mlutheri wa Masama, mwenye kinyonga kila bega, akasalimia Kikatoliki kwa heshima ya wenyeji, "Tumsifu Yesu Kristo!" nao wakamjibu "Milele amina!" wakiwa chini ya viti. Watoto walipiga kelele za woga, halafu kelele za raha, halafu wakaanza kusukumana wapate kushika.

"Endelea, Fabian!" Elizabeth alipaza sauti.

Fabian aliwatazama, mdomo wazi. Kisha akavuta pumzi. "Ulimi wake ni mrefu kuliko mwili wake."

"Kama wa mke wangu!" akasema mzee mmoja aliyekwisha kuonja pombe ya mbege, na uwanja mzima ukacheka, Fabian akiwa wa kwanza. Baba yake alisogea polepole, akafumba macho, akanyoosha kidole. Kinyonga wa mwanawe akapanda.

Sirili alijikuta analia na kucheka kwa pamoja. Akamwona mama mzee mwenye kilemba, yule wa kwenye picha, ameketi mstari wa mbele. Akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi. Tumefika wote."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama mzee, akirudi nyuma na kiti chake. "Karibuni. Ninyi ni akina nani?"

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kipaza sauti, mishipa imemsimama.

"Nani amewaleta watu hawa shuleni kwangu? Nauliza, nani?"

Sirili akainuka, akakunja mikono ya shati. Tangu utotoni alikuwa akisubiri siku ya kumpiga mwalimu.

Kwenye benchi la darasa la tano, mkono mmoja ukanyooka.

"Ni mimi, mwalimu," alisema Loveness. Kisha akamgeukia fundi viatu. "Kaa chini, mwanangu Sirili."